Pima Ishirini za Ukili

Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku mjini, na najua umeshaitika marahaba kabla Siti hajamaliza kusoma mstari huu. Siti mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakuomba kitu kimoja tu: usiruke. Nakujua. Ukifika pahali unapoona patamuumiza, unameza maneno na kusema, "Anasema hajambo, anasalimia." Leo soma yote, hata yale yanayonisuta mimi mwenyewe. Hasa hayo.

Mama, goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au umeifungia sandukuni ukingoja goti liume zaidi? Ukindu ulioanika uani umekauka vizuri, au mvua imeuwahi? Na paa la jikoni, mjomba ameshaliziba lile tundu au bado anasema "kesho, Inshallah" huku amekaa kwenye kiti chako? Nijibuni yote hayo, moja moja, msiniambie tu "tunashukuru."

Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, homa imenisahau. Bado nakaa chumba kilekile cha ghorofa ya tatu, nyuma ya Mtaa wa Kongo. Chini yangu kuna duka la vitenge, na muuzaji wake ana kipaza sauti kinachotaja jora tangu saa moja asubuhi mpaka magharibi. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni hasira. Mama, nina hasira wiki ya tatu hii. Naamka nayo, nakwenda nayo kazini, narudi nayo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe unasema maneno matano na mtandao unakata la sita, na hasira yangu ni ndefu kuliko hivyo. Ndiyo maana nimechukua kalamu, na barua hii nampa yule mke wa fundi seremala anayerudi Mafia Jumamosi, pamoja na mzigo nitakaoutaja mwisho.

Wacha nianze mwanzo, maana Siti alikueleza nusu.

Unajua ninafundisha hesabu Kidato cha Pili B. Wako tisini darasani. Wanakaa watatu watatu kwenye dawati la wawili, na wa nyuma kabisa wanasoma ubao kwa kuambiwa na wa mbele. Watoto wenyewe ni wa hapahapa Kariakoo, Ilala, Gerezani, watoto wa madukani na sokoni. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kukuambia jora moja litatoa vitenge vingapi na kitabaki kipande cha urefu gani, anakuambia kichwani huku anatafuna muhogo. Hesabu hiyohiyo muandikie ubaoni kwa Kiingereza, atakutazama kama umemtukania mzazi. Na kwetu sheria ni Kiingereza kuanzia getini. Anayekutwa anasema Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake wa kumvisha. Nimekipinga kibao kile mpaka nimechoka. Naambiwa, "Mwalimu Somoe, mtihani utakuja kwa lugha gani?" Na mtihani kweli unakuja kwa Kiingereza.

Mwaka jana wafadhili walituletea vishikwambi arobaini. Mama, kishikwambi ni kama simu, ila ni pana kadiri ya kibao cha kukatia mboga. Mkuu wa shule akavipokea kwa makofi na picha, kisha akavifungia kabatini ofisini kwake, na ufunguo anatembea nao. Vilikaa humo miezi na nailoni zake. Kila nikiomba naambiwa vikivunjika nani atajibu. Nilipokuja kupewa hatimaye, nikakuta ndani mna masomo ya hesabu, mazuri kwa kweli, lakini mfano wa kwanza ni wa piza iliyokatwa vipande vinane, na wa pili ni wa mtu anayezoa theluji mlangoni kwake. Mtoto mmoja akaniuliza kwa dhati kabisa, "Madam, theluji inauzwa kwa kilo au kwa debe?" Darasa zima likasubiri nijibu. Nilitaka kulia.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na mkeka wako. Nikamwendea Mkuu, nikamwambia nataka nifundishe maeneo na vipimo kwa ususi wa mikeka, kusuka ukili mrefu mwembamba kisha kuushona ubavu kwa ubavu, halafu watoto wahakikishe hesabu zao kwenye vishikwambi. Akakuna kidevu. Pale ofisini alikuwepo Mwalimu Fidelis, mwalimu wetu wa taaluma, ambaye yeye hufundisha kwa kunakilisha mitihani ya zamani: andika, kariri, futa, andika tena. Akacheka kidogo akasema, "Sasa tumefika kwenye mikeka." Mkuu akanipa sharti. Wafadhili watakuja kuitembelea shule. Siku hiyo nikiwaonyesha kitu cha kueleweka, darasa langu litabaki na vishikwambi na litabaki na mimi mpaka mtihani. Nikishindwa, vishikwambi vinarudi kabatini na Kidato cha Pili B anakichukua Mwalimu Fidelis.

Nikakubali. Mama, ningekubali hata sharti gumu kuliko hilo. Wale watoto nawapenda.

Ndipo nikamwambia Siti akuombe mkeka mmoja wa kulalia. Ukauleta, Mungu akulipe, na Siti akanitumia sauti yako kwenye simu. Ninayo mpaka leo. Unasema: "Mwambie Somoe, mkeka wa kadiri hiyo, kwa ukili wa vidole vinne, ni pima ishirini za ukili. Asipunguze."

Siti, hapa soma polepole. Mama, niliposikia nilicheka.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mkeka ni mita mbili kwa mita moja na sentimita ishirini. Ukili wako una upana wa sentimita nane. Watoto walichora umbo hilo kwenye kishikwambi wakalijaza vipande vya ukili, kimoja ubavuni mwa kingine, na kishikwambi kikajibu: vipande kumi na tano, kila kimoja mita mbili, jumla mita thelathini. Sasa pima yako naijua. Unakumbuka Idi ile nilikunyoshesha mikono uani nikakupima kwa futikamba, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, ukaniuliza kama nakushonea sanda? Ulitoka mita moja na sentimita sabini. Kwa hiyo pima zako ishirini ni mita thelathini na nne. Nikasema, ah, Mama ameongeza mita nne za tahadhari, kama anavyoongeza vikombe viwili vya mchele kwa mgeni ambaye hata hajaahidi kuja. Nikasimama mbele ya watoto tisini nikagawa ubao mara mbili. Upande mmoja nikaandika "makadirio ya kienyeji", nikaweka thelathini na nne yako. Upande wa pili nikaandika "hesabu kamili", nikaweka thelathini ya kishikwambi. Nikaizungushia duara hiyo thelathini. Mimi, niliyesomeshwa kwa mikeka hiyohiyo.

Yaliyofuata, Mama, yalikuwa majuma mazuri kuliko yote tangu nianze kazi hii. Ukindu huku ni adimu, lakini Kariakoo kila duka linafungua marobota na maboksi, na yanafungwa kwa kanda za plastiki zinazotupwa njiani. Watoto wakaziokota, nyeupe na kijani, wakaziosha. Vipande kumi na tano, kila kimoja watoto sita, hao tisini wote wana kazi. Nikawafundisha kusuka kama ulivyonifundisha, na vidole vyao vikachubuka na hakuna aliyelalamika. Wavulana walianza kwa kujishaua kuwa hii ni kazi ya akina mama, mpaka walipoona ukili wao umepinda kama mkia wa mbuzi na wa wasichana umenyooka. Kutwa ilikuwa, "Oya, umeruka mmoja, fumua!" Nyeupe inarudi kila mkunjo wa nne, kijani kila wa sita, zitakutana wapi? "Kumi na mbili!" wanapiga kelele darasa zima, na hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika nilichowaimbisha muhula mzima bila kuingia. Kiliingia kwa mikono. Hata watoto ambao hawajawahi kufungua kinywa darasani kwangu walikuwa wanabishana.

Miongoni mwao kuna msichana anaitwa Nasra. Mpole, anakaa dawati la pili kutoka mwisho. Bibi yake anauza mikeka na vikapu karibu na soko, na jioni Nasra humsaidia kushona. Siku tulipokuwa tunajiandaa kuanza kushona vipande vyetu, nilikuwa nimeupitisha mkeka wako darasani wauone. Nasra akaushika, akaugeuza nyuma, akaubana kwa vidole pale ukili unapopanda juu ya mwenzake. Kisha akanyosha mkono.

"Madam," akasema, "huu mshono unakula."

Wakati huohuo Mwalimu Fidelis alikuwa amesimama mlangoni, na kile kibao kinaning'inia kidoleni mwake. Alikuwa anapita siku hizo mara mbili tatu kwa kipindi, kuona naharibu nini. Mama, mimi ninayekipinga kibao kile, nilimtazama Fidelis, nikaogopa. Nikamwambia Nasra aseme kwa Kiingereza. Akafungua mdomo, akaanza neno moja, likagoma. Akatazama mlangoni, akatazama kibao. Akaketi. Nami nikaendelea na kipindi.

Tuliamua kushona sehemu tatu mbalimbali, kila sehemu vipande vitano, halafu sehemu hizo tatu ziunganishwe palepale ukumbini mbele ya wageni. Hiyo ilikuwa mbwembwe yangu mimi, hakuna aliyenituma. Nilitaka wageni waone mkeka unazaliwa mbele ya macho yao, na ukishatandikwa ukae sawasawa ndani ya mstatili niliouchora sakafuni kwa chaki, mita mbili kwa moja na ishirini, usizidi wala usipungue. Kwa ajili ya mbwembwe hiyo hakuna mtu aliyeuona mkeka mzima kabla ya siku yenyewe.

Siku ikafika. Wageni wakakaa mbele, wazazi nyuma, wengine wamefunga maduka kuja. Umeme haukukatika. Kila siku unakatika, siku hiyo haukukatika. Balaa likitaka kukuona vizuri linakuwashia taa. Ukutani ikaonekana ile picha ya kishikwambi, mstatili umejaa vipande kumi na tano, umetulia, hauna hata mwanya. Watoto wanne wakashona mishono miwili ya mwisho huku wenzao wanaeleza kwa Kiingereza walichokariri. Makofi. Wakauinua mkeka, wakautandika juu ya chaki.

Ukingo mmoja ukakaa kwenye mstari. Ukingo wa pili haukufika.

Mama, nilivuta. Mwalimu wa hesabu nimeinama mbele ya watu na gauni langu la Idi, nauvuta mkeka wa plastiki kama unavyovuta shuka fupi. Nikivuta huku, unaondoka kule. Ilibaki sakafu tupu, nusu shubiri na zaidi, toka mwanzo wa mkeka hadi mwisho wake. Mtoto mmoja akacheka, mwenzake akampiga kiwiko.

Mmoja wa wageni, mama mtu mzima mwenye miwani, akauliza kwa upole tu, "Vipimo hivi mlivipata wapi?"

Kabla sijajibu, Mwalimu Fidelis akasema kutoka kando, "Kwa mabibi zao huko vijijini." Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Akanitazama mimi. "Ni kweli, mwalimu?"

Siti, usimeze hapa.

Nikasema, "Ndiyo. Kwa mama yangu."

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, Mama. Mengine yote ni maelezo. Ulinipa ishirini, ukasema nisipunguze, nikacheka, nikapunguza, na nilipoumbuka nikakutanguliza wewe mbele kama ngao. Mbele ya watu zaidi ya mia. Na wewe uko Mafia, huna habari, labda saa ileile ulikuwa unapasua ukindu na kuniombea.

Mgeni mkubwa, siyo yule mama, alipotoa neno la kufunga alisema utamaduni ni mzuri sana kwa ngoma na mapambo, lakini hesabu ni hesabu, na watoto wafundishwe kuamini vifaa vya kisasa. Watu wakapiga makofi. Nikamtazama Mkuu, nikadhani basi angalau vishikwambi vitabaki nje. Jumatatu vikarudi kabatini na Kidato cha Pili B kikaenda kwa Mwalimu Fidelis, kwa sababu, alisema, watoto wangu wameonyesha hawako tayari navyo. Unaona mambo hayo? Kifaa ndicho kilichokosea, mkeka ukabeba lawama, na watoto wakapewa adhabu. Nikifikiri hapo, Mama, naona kizunguzungu.

Jumatatu hiyohiyo mchana Nasra alinifuata. Nilikuwa nimekaa darasani peke yangu, ule mkeka uko juu ya meza. Akaniamkia, akasimama. Akatoa rula mfukoni.

"Madam, nilitaka kukwambia siku ile. Mshono unakula. Ukili ukipanda juu ya mwenzake, hiki kidogo kinafichika." Akapima. Sentimita moja. "Kwa hiyo ukili wa nane unabaki saba. Bibi anasema hata kanzu ni hivyohivyo. Fundi akisahau mshono, anamshonea baba kanzu ya mtoto."

Nikamuuliza, na aibu imenijaa, "Mbona hukusema?"

"Nilisema, Madam. Ukaniambia niseme Kizungu." Akanitazama bila kinyongo, kama anauliza kweli. "Sasa mshono unakula, kwa Kizungu unasemaje?"

Nikampa chaki. Akaenda ubaoni, akagawa mia moja na ishirini kwa saba. Kumi na saba, inabaki moja, na hiyo moja ndiyo ukingo wa kipande cha mwisho ambacho hakuna mwenzake wa kukipanda. Vipande kumi na saba, kila kimoja mita mbili, mita thelathini na nne. Mimi nikamalizia. Nikagawa thelathini na nne kwa pima yako.

Ishirini, Mama. Haikuzidi, haikupungua. Hukuongeza tahadhari yoyote. Ulikuwa unahesabu sindano, kitu ambacho kishikwambi hakikijui kwa sababu aliyekitengeneza hajawahi kushona mkeka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Najua umeshalisema, na Siti amecheka, na mna haki nyote wawili.

Ijumaa kwenye kikao cha walimu nilisimama. Nilisema mbele ya wote kuwa mama yangu alitoa kipimo sahihi, kuwa mimi ndiye niliyekipuuza, na kuwa mwanafunzi mmoja alilijua kosa kabla ya siku ya wageni akanyamazishwa, tena na mimi. Niliomba darasa lirudishwe, na tuwaandikie wageni barua ya kusahihisha. Mwalimu Fidelis akasema, "Mwalimu Somoe, mkeka umeshakunjwa huo." Wakacheka tena, Mama, hawa watu wanacheka sana. Mkuu akaangalia saa akasema tumalize kwanza ajenda ya vyoo. Tukaongea vyoo mpaka saa kumi na moja jioni. Barua haikuandikwa. Nimeiandika mimi mwenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nikampelekea Mkuu aipitishe. Iko mezani kwake chini ya jagi la maji.

Sasa nimepewa Kidato cha Kwanza. Kila asubuhi napita mlangoni pa Kidato cha Pili B nasikia wanaimba kanuni ya eneo, urefu mara upana, urefu mara upana, sauti tisini kama kasuku. Nasra anaimba nao. Mdomo unafunguka, macho yako dirishani. Nina hasira na Fidelis, nina hasira na Mkuu, nina hasira na yule aliyefikiri mtoto wa Kariakoo ajifunze sehemu kwa piza. Lakini hasira yangu haina pa kukaa vizuri, kwa sababu kila nikiwahesabu wenye makosa nafika kwangu.

Wiki iliyopita nilipotoka kazini nikakuta wanane kati yao wananingoja getini, Nasra mbele. Wamebeba vipande viwili vipya vya ukili. Wamevisuka wenyewe nyumbani, hakuna aliyewaambia. Kanda nyeupe na kijani hazikupatikana tena, lile duka limebadilisha mzigo, kwa hiyo vimetoka vya buluu. "Madam, tumalize tu," mmoja akasema. "Hii kitu inatuuma." Tukaingia ukumbini. Ule mstatili wa chaki ulikuwa umefifia lakini bado unaonekana. Nasra akashona cha kumi na sita, akashona cha kumi na saba, sisi tumeshikilia. Tukautandika.

Ukafika, Mama. Ukafika kwenye mstari kote, hata kucha isingepita. Wanane wale walipiga kelele kama timu imefunga bao. Hakukuwa na mgeni, hakukuwa na Mkuu wala makofi. Alikuwepo mzee wa usafi tu na ndoo yake, akatuambia tufanye haraka anataka kupiga deki. Akapiga deki, na mstari ukafutika.

Mama, nisamehe. Nimelizunguka neno hili barua nzima, na sasa nalisema. Nisamehe kwa kicheko, na nisamehe kwa ile "ndiyo." Kama unaweza, nirekodie tena sauti yako kwenye simu ya Siti. Eleza kwa maneno yako, bila haraka, jinsi unavyopata pima ishirini, na sindano inavyoingia humo. Nataka niwasikilizishe Kidato cha Kwanza kabla mtu hajawafundisha kuwa watu kama wewe hawajui hesabu. Nikivishwa kibao, nitakivaa.

Nisalimie mjomba mziba paa, mwambie mvua haijui Inshallah yake. Nisalimie shangazi, yule aliyekuwa akinipiga kikonzi nikikosea mkunjo. Mwambie bado namdai kikonzi kimoja, cha mkeka huu. Mke wa kaka apewe pole ya uzazi na mtoto abusiwe nyayo zote mbili. Bibi mzaa baba umpigie shikamoo sikioni, kwa nguvu, asije akadhani nimemsahau. Na wewe Siti, ahsante kwa kusoma. Kama uliruka pahali, rudi sasa hivi.

Mzigo anaokuletea mke wa fundi ndio ule mkeka. Watoto wamekubali kwa kauli moja uwe wako. Plastiki ni ngumu kidogo, tandika shuka juu yake. Ukiukunjua utaona vipande kumi na tano vya nyeupe na kijani, na viwili vya mwisho ni vya buluu. Usidhani tumekosea rangi, Mama. Hivyo viwili ndivyo ulivyotuambia tangu mwanzo.

Mwanao anayekuchekesha na kukuliza,
Somoe